Kimea cha Jina la Kasiani

Mimi Mwamvita sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu wa kwetu: ukizungumza habari za pombe kwa dakika mbili, yupo atakayesema umeionja. Sikuionja. Lakini nimekaa miaka ishirini na sita ua kwa ua na Kristina mpika pombe, na ua wenyewe ni wa mabua, na mabua yana matundu. Kama macho yanalewa, basi mimi ni mlevi wa siku nyingi.

Kristina alizaliwa hapahapa mlimani, upande wa Matombo, mahali ambapo asubuhi unasikia kengele ya misheni kutoka juu na adhana yetu kutoka bondeni. Mama yake alikuwa mpika pombe. Mume wa Kristina alikwenda kukata mkonge, akarudi na kikohozi, na kikohozi kikamwondoa kabla hajamaliza kuezeka nyumba. Alimwachia mtoto mmoja tu, Leonard. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama, kwa hiyo Kristina alirudi kwao akapewa shamba la kijitoni na kaka yake Kasiani, mkubwa wa ukoo. Alipewa kwa mdomo, kama watu wote walivyopewa. Alilima hapo mtama, maharage na kabichi, na shamba lile ndilo lililomlisha maisha yake yote.

Mdogo wake aliitwa Agnes. Huyu aliolewa akahama na mumewe, akarudi na mtoto mchanga na ugonjwa wa kulala ndani miezi na miezi. Mtoto alikuwa Jastin. Kristina ndiye aliyembeba Jastin mgongoni miaka minne, akampangusa kamasi, akamlaza kitanda kimoja na Leonard. Mnayaona haya ninayoyasema? Mgongo uleule.

Siri ya pombe ya Kristina haikuwa dawa, kama walivyosema walioshindwa naye. Ilikuwa jiwe. Mtama ukishaota na kuanikwa ukawa kimea, watu wengi husaga tu bora kusaga. Yeye alikuwa anapasua. Alipitisha jiwe mara moja, mara mbili basi, kila punje ikatoka vipande vitatu au vinne, halafu akachota kidogo akasugua viganjani. Kikikwaruza kama mchanga wa mtoni, alisema kinapumua. Kikiteleza kama poda, alimrudishia aliyekileta akapikie uji.

Chungu chake kikubwa kilikuwa na tundu ubavuni, karibu na kitako, limezibwa kwa gunzi la mahindi. Chini kabisa alitandika vijiti na nyasi. Juu yake alimimina kimea kilichokorogwa na maji ya moto, akafunika, akangoja kilainike na kutoa utamu. Kisha alilegeza gunzi. Maji ya kwanza hutoka machafu kama ya kuoshea vyombo, na mpika pombe mwenye haraka huyachukua hayohayo akayachemsha. Kristina aliyapokea kwa kata, akayarudisha juu polepole, yakapita tena katikati ya mtama, yakatoka, akayarudisha. Mtama ulijichuja wenyewe. Mara ya tano au ya sita yalitoka yamekuwa kama chai ya rangi, ukitumbukiza kidole unakiona.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hataki unga laini, wakati unga laini ndio ungekamuliwa utamu wote.

"Unga laini unalala kifudifudi, Mwamvita, unaziba njia," alisema. "Vipande vinashikana mabega, maji yanapita katikati. Na vikiwa vikubwa mno nayo ni hasara, maji yanakimbia kabla hayajachukua kitu."

"Basi hii pombe yako ina masharti kuliko mkwe."

Alicheka. Alikuwa na cheko la kujizuia, mkono mdomoni, kwa sababu ya pengo la mbele.

Sasa niwaeleze habari ya jina, maana bila hiyo hamtaelewa ubaya wenyewe. Ukoo wao, mkubwa akifa, jina lake halizikwi. Baada ya mwaka huchaguliwa mtoto wa dada yake, akavikwa kaniki, akapewa jina, na kuanzia saa hiyo yeye ndiye marehemu. Hasemwi kuwa ni kama marehemu, ni marehemu mwenyewe. Dada za marehemu humwita kaka. Watoto wao humwita mjomba, hata kama jana walikuwa wakigombania naye embe. Na yeye ndiye anayegawa mashamba, anampa huyu na kumnyang'anya yule, wala hakuna wa kumuuliza.

Pombe ya siku hiyo hupikwa na mama wa anayetarajiwa kurithi. Kila nyumba kati ya nyumba saba za ukoo huleta kimea chake kilichokwisha kusagwa, na chote huingia chungu kimoja. Masharti ni mawili. Kimea cha jina hakikataliwi wala hakisemwi vibaya, kwa sababu ukikikataa umeikataa nyumba iliyokileta. Na kisichotoka katika nyumba saba hakiingii chunguni. Maji yanapoanza kutoka safi, wazee hutumbukiza ushanga mweupe wa marehemu katika bakuli la maji yale matamu. Ukionekana chini, marehemu amekubali. Usipoonekana, jina linakwenda kwa mtoto wa dada anayefuata. Nami nikicheka mambo hayo, Kristina alikuwa ananiambia kwamba hata sisi tuna ya kwetu, na kweli tunayo.

Kasiani alikufa mwaka wa tisini na nne. Wakati huo dunia ilikuwa imekwisha geuka. Zamani gunia la mtama kutoka Gairo lilihitaji kibali, na kila kizuizi barabarani kilikuwa na mtu wa kulitia kidole. Soko huria lilipokuja, magunia yakaja yenyewe, na wachuuzi wa Dar es Salaam wakapanda mpaka kwetu na pikapu wakitafuta kabichi na nyanya. Walitaka mashamba ya kukodi yenye maji. Ardhi iliyokuwa ikitolewa kwa mdomo ikaanza kutazamwa kwa jicho la upande. Na katika mlima mzima, hakukuwa na shamba lililokaa karibu na maji kama la Kristina.

Jastin naye alikuwa mjini, kiwandani, akikaa Mafiga na kuvaa saa. Kiwanda kikapunguza watu, saa ikarudi mlimani. Kiinua mgongo chake kikawa mashine ya kusaga, akaifunga pale njia panda, na sauti yake ikameza kengele na adhana vyote viwili. Siwezi kusema tuliichukia. Wanawake walipumzika mabega. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kupeleka mahindi.

Wazee walielekea kwa Leonard. Alikuwa mkubwa, mama yake ndiye dada mkubwa, na alikuwa mtu wa kimya asiyekopa maneno. Yeye ndiye aliyekwenda Gairo kuleta mtama mzuri wa jina. Agnes hakupinga. Alisema tu, "Mungu ndiye anayejua," na mwanamke akisema hivyo huku anatazama pembeni, ujue Mungu ameachiwa kazi nzito.

Basi ikafika siku ya kuchuja, mwaka uliofuata. Asubuhi wanawake wa nyumba saba wakapanda mmoja mmoja na vikapu vyao. Sita walikuwa wamesaga kwa jiwe. Agnes alikuja wa mwisho, na kimea chake kilikuwa madebe mawili, kingi kuliko cha wenzake wote kikijumlishwa.

"Dada, mimi nimekileta kingi," alisema. "Mwanangu kasaga. Mashine haichoki."

Kristina aliingiza mkono. Nilikuwa uani kwangu napeta mpunga, na kwa tundu la mabua niliuona uso wake. Aliutoa mkono umekuwa mweupe mpaka kwenye kifundo, kama mtu aliyejipaka poda ya mtoto. Jastin alikuwa amesaga kimea kwa chekeche lilelile la sembe. Nataka niwe wa haki hapa, ingawa sipendi: sidhani alifanya kwa makusudi. Alikuwa mvivu tu wa kufungua bolti nne na kubadilisha chekeche. Ubaya ulimjia baadaye, na ulipomjia alikuwa na nafasi nao.

Kristina alimtazama mdogo wake. Kimea cha jina hakisemwi vibaya. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie." Wakakichanganya, wakakitia maji ya moto, wakakimimina chunguni juu ya nyasi, kisha wanawake wote wakaondoka, kwa maana chungu cha jina hubaki na mama mmoja tu mpaka wazee waje. Wazee wangekuja saa tisa.

Alilegeza gunzi saa sita. Yalitoka matone, meupe kama maji ya ugali, kata haikujaa nusu, yakakoma. Aliyarudisha juu. Hayakuzama. Yalisimama juu ya mtama kama maji yanayosimama juu ya udongo wa mfinyanzi, na chini tundu likawa kavu. Alikoroga kwa mwiko, yakashuka kidogo, yakaganda tena. Alichomoa gunzi lote akatia kijiti, kikatoka na uji umekishika. Akakaa chini. Mtama hauna ganda la maana kama mpunga. Kitu pekee kinachouachia nafasi ni kule kupasuliwa vizuri, na sasa vipande vya nyumba sita vilikuwa vimezama ndani ya poda ya nyumba moja.

Ningenyamaza, yasingetokea yaliyotokea. Lakini mimi nilikuwa na ungo mapajani, na pembeni yangu rundo la makapi ya mpunga, magumu, makavu, kila moja kama kijimtumbwi. Nikasema kupitia ua, "Dada Kristina, makapi ninayo."

"Nyamaza."

"Yangefungua njia. Wewe mwenyewe ulishaniambia vitu vishikane mabega."

"Mwamvita, nimesema nyamaza. Kwako si nyumba ya ukoo."

Nikaendelea kupeta. Akakoroga tena, akarudisha tena, jua likasogea. Kutoka uani kwake unaliona shamba la kijitoni lote, kabichi zimejipanga, na kila alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yanakwenda huko. Ilipokaribia saa nane alikuja mwenyewe mpaka kwenye ua, akaweka kiganja chake katika tundu la mabua. Niliyafunga makapi katika kanga nikampa.

Aliyaosha maji matatu ili yasitie vumbi. Akautoa mtama wote katika beseni, akachanganya makapi kwa mikono mpaka kiwiko, akatandika nyasi upya, akaurudisha. Akafunika kidogo, akalegeza gunzi. Yakatoka. Polepole, machafu, lakini yalitoka bila kukoma. Aliyapokea akayarudisha, akayapokea akayarudisha, akimimina juu ya mgongo wa mwiko yasichimbe shimo. Mara ya nne yalikuwa kama maji ya mto baada ya mvua. Mara ya saba yakaanza kung'aa. Mara ya kumi nilimsikia anahema, na nilipotazama alikuwa anakitazama kidole chake ndani ya kata.

Nimeona mafundi katika maisha yangu. Nimewaona waashi, na mkunga aliyemgeuza mtoto tumboni kwa mikono mitupu. Lakini sijamwona mtu aliyeifanya kazi yake vizuri kuliko Kristina saa ile, na aliifanya peke yake akiwa na hofu.

Saa tisa walikuja wazee, mbele yao Fransisko, mkubwa wao, mwenye fimbo. Wakatumbukiza ushanga katika bakuli. Ukaonekana chini kama jicho la samaki. Fransisko akasema, "Kasiani amekubali. Keshokutwa Leonard atavikwa." Kristina akapiga magoti akashukuru, na mimi nyuma ya ua nikafurahi kana kwamba mwana ni wangu.

Hapo ndipo hadithi ingekwisha kama mimi ningeumbwa na mdomo wa kawaida.

Kesho yake nilikwenda kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, na Jastin alikuwa amesimama kando ya mashine, kichwa cheupe kwa unga, anahutubia.

"Mmeona maji ya jana yalivyong'aa?" alisema. "Tangu babu zetu haijaonekana pombe ya namna ile. Siri ni mashine. Jiwe linaacha uchafu. Mama mkubwa sasa atanielewa, maana miaka yote anajidai na jiwe lake."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mimi uongo mwingine naweza kuuvumilia, lakini kumsikia mtu aliyeharibu kazi akijisifu kwa jasho la aliyeiokoa, hapana, hilo sikuliweza. Na nisiwafiche: nilitaka pia ijulikane kwamba na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Nilikuwa nimekaa na siri ile usiku mmoja tu na tayari ilikuwa inaniwasha.

"Unga wako uliziba chungu kama kichuguu," nikasema. "Mama yako mkubwa alikaa chini akakosa la kufanya. Makapi ya mpunga wangu ndiyo yaliyofungua njia. Usijisifu kwa kitu usichokijua."

Nilitegemea watacheka. Hakucheka mtu. Jastin alinyoosha mkono akazima mashine.

"Makapi yako," alisema taratibu. "Yaliingia chunguni."

Hapo ndipo niliposikia nilichokisema. Nilijaribu kugeuza maneno, nikasema ni utani, nikasema nilikuwa nachokoza tu. Alikuwa ameshatoka, anapanda njia kwenda kwa Fransisko, hata mlango hakufunga. Mahindi yangu yalibaki ndani ya mashine, nusu unga, nusu punje.

Sikwenda kumwambia Kristina. Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa. Nilijiambia labda wazee watapuuza, labda Jastin ataona haya, mgongo ule ulimbeba miaka minne. Jioni nilimsikia upande wa pili wa ua anaimba wimbo wa kanisani huku anasugua vibuyu, nami nikajifunika shuka gubigubi, ingawa jua lilikuwa halijatua.

Siku ya jina wakaja watu wengi. Leonard alikuwa amekwisha vikwa kaniki begani, amekaa kwenye kigoda, hajapewa jina bado. Mimi niliitwa kutoka kwangu na kusimamishwa mbele ya watu, Mwislamu peke yangu katikati ya vibuyu vya pombe.

"Mwamvita," Fransisko akasema, "utaapa kwa Mungu wako. Makapi yalitoka kwako au hayakutoka?"

Nilifungua mdomo. Naapa, na sasa hakuna anayenilazimisha kuapa, kwamba nilikuwa nimekusudia kusema uongo. Nilikuwa nimeshaupanga wote. Lakini Kristina alisimama kabla yangu.

"Msimwapishe mtu wa watu," alisema. "Yalitoka kwake. Niliyachukua mimi."

"Kwa nini?"

Alikuwa na jibu, na kila mwanamke pale aliyewahi kushika jiwe alilijua. Angesema: kwa sababu nyumba moja imeleta poda. Lakini kimea cha jina hakisemwi vibaya, na angelisema angekuwa amevunja na sharti la kwanza mbele ya watu wote. Akatazama chini.

"Maji hayakutoka," alisema.

"Basi marehemu alikuwa amekataa," Fransisko akasema, "na wewe ukamlazimisha."

Agnes akaanza kulia. Alilia vizuri, kwa sauti, akisema dada yake ametia takataka za watu katika jina la kaka yao, na huku analia anamtengenezea mwanawe kola ya shati. Wazee wawili wakamwinua Leonard kwenye kigoda. Kaniki ikavuliwa begani mwake ikiwa bado na joto lake, ikawekwa begani mwa Jastin. Leonard hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mama yake, na namna alivyomtazama ningependa nisingeiona.

Nilidhani watamwaga pombe. Ndivyo mtu mwenye akili angedhani: kama chungu kimenajisiwa, kimwagwe. Mmoja aliuliza. Fransisko alikunywa kibuyu kimoja kwanza, akafuta ndevu, akajibu kwamba pombe haina kosa, mikono ndiyo yenye kosa. Waliinywa yote. Waliisifu. Nilimsikia mzee Agustino akisema hajawahi kunywa pombe nzuri kama ile, akaomba aongezewe, na aliyemwongezea ni Kristina, kwa sababu mpishi ndiye anayegawa.

Kabla ya hapo lakini ilimbidi afanye la kwanza. Dada mkubwa wa marehemu ndiye anayempokea kaka yake aliyerudi. Alijaza kibuyu, akaenda akapiga magoti mbele ya kijana aliyempangusa kamasi, miaka ishirini na nane huyo, na unga wa mashine bado umemkaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Jastin alisita. Nilimwona, kwa nusu ya pumzi alikuwa mtoto. Kisha akapokea kibuyu.

"Marahaba, dada."

Leonard aliondoka wiki ileile kwenda Gairo kununua karanga, na hakurudi. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mama yake, na mimi nikasikia kwa sababu mabua yana matundu, "Ungeacha tu izibe." Kristina akamwambia kwamba hata ingeziba angelikosa jina. "Ningelikosa bila aibu," alisema, akabeba begi lake. Hilo ndilo neno la mwisho mtoto aliloliacha nyumbani.

Kristina hakupika tena. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyekuja kununua. Aliendelea kulima, na mimi nikawa namfuata shambani siku nyingine, namsaidia kupalilia. Hakunifukuza. Aliniachia mstari wangu wa kabichi, tukalima bila kusemezana, yeye mbele mimi nyuma.

Ilikuwa mwezi wa sita, kabichi zimeanza kufunga, zimebakiza wiki tatu. Jastin alishuka kijitoni na mtu mnene wa mjini mwenye viatu vyeupe, wakasimama ukingoni. Yule mtu alihesabu mistari kwa kidole. Kristina akaweka jembe chini, akapangusa mikono kwa kanga, akasogea, akainama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Shamba hili nilikupa mwenyewe, unakumbuka, ulipofiwa." Alisema hivyo mtu ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa. "Sasa nalichukua. Huyu bwana anaanza kesho."

"Ndiyo, kaka. Na kabichi?"

"Kabichi zimo."

Nilingoja apige kelele. Nilingoja amwambie, mimi nilikubeba. Alibaki ameinama, maana kaka akiwa hajakuruhusu huinuki, na yule mtu wa mjini akaona haya akageuka kutazama maji.

"Ahsante, kaka," alisema Kristina. "Umenilisha siku nyingi."

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwao, na jembe mkononi. Kwenye foleni ya mashine, siku ambayo hakuna aliyeniuliza, nilikuwa na mdomo. Siku hii nilikuwa nao uleule, na nikapalilia mpaka mwisho wa mstari.